Poda ya Theluji na Meno ya Kisima

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Sina mvi, sina mjukuu, na mama yangu bado ananituma dukani. Lakini mikono yangu imekataa kazi, na katika chumba cha daktari wa meno, mikono ikikataa wewe mwenyewe huna la kusema. Ile dawa kali tunayotumbukizia vyombo imenichubua mpaka vidole vinapasuka kama matope ya kando ya ziwa wakati wa kiangazi. Daktari anasema kuna walioitumia miaka mingi bila kudhurika. Naamini. Hao huosha chombo mara moja. Mimi naosha, natazama, natia shaka, naosha tena. Kwa hiyo nimestaafu kwa ajili ya wasiwasi, ugonjwa ambao haumo kwenye vitabu vya Daktari. Najua haumo kwa sababu nimevisoma vyote.

Nawaandikia nyinyi wawili mnaochukua nafasi yangu ya kushika taa. Mshahara mtaujua wenyewe mwisho wa mwezi, na hakuna cheo cha kuwaeleza, maana mshika taa hubaki mshika taa. Nataka kuwaeleza nilichokiona chini ya taa hiyo, na hasa habari ya poda ya meno, kwa sababu wauzaji wake watarudi. Wanabadilisha jina la mkebe tu.

Niliingia kazini kwa jino la baba. Shavu lilikuwa limemvimba, tukatoka landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi hapa Nakuru, kwa miguu mpaka kwa Daktari, na siku hiyo mshika taa wa zamani hakuja. Daktari alinitazama juu ya miwani yake minene akaniuliza kama naogopa damu. Nilisema hapana. Ilikuwa uongo, lakini baba alikuwa anaumwa. Nikapewa taa na kuambiwa niielekeze ndani ya kinywa cha baba yangu mzazi.

Sijui nyinyi mtaona nini siku yenu ya kwanza. Mimi niliona nchi nyingine. Baba niliyemjua kwa sauti na kofia ya kazi alikuwa amebeba ndani yake safu mbili za mawe yaliyopangwa, kila moja na mabonde yake, na la juu likiingia kwenye bonde la lile la chini kama vidole vya mikono miwili vikifumbatana. Hakuna fundi aliyeyapanga. Nilisahau kuogopa. Daktari alipomaliza alisema, "Wewe hutikisiki. Kesho kuja."

Nilikuja. Darasani nilikuwa nimefika mbali kiasi cha kusoma barua na Biblia, basi. Vitabu vya Daktari vilikuwa vya Kiingereza, na nilivisoma jioni nikiwa na kamusi, neno kwa neno, nikiona aibu nikikuta neno nililokwisha kulitafuta jana. Daktari mwenyewe ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake mnakijua, kinatosha kwa "fungua" na "tema." Mambo marefu alianza kunieleza kwa Kiingereza, nami nikamweleza mgonjwa. Hivyo nikawa mkalimani pia. Wasiwasi wangu ukapata chakula kipya, kwa sababu jino likitolewa vibaya kosa ni la Daktari, lakini neno likitolewa vibaya kosa ni langu.

Sasa niwaambie kitu ambacho nilikificha nyuma ya kiganja maisha yangu yote. Meno yangu ni ya kahawia. Mmeyaona, mmekuwa na adabu ya kutouliza. Nilipokuwa msichana nilicheka mdomo umefungwa. Niliyasugua kwa mkaa, kwa chumvi, kwa majivu, kwa mchanga laini, mpaka fizi zikatoka damu. Mtu asiyevumilia doa kwenye sahani alikuwa amepewa madoa mbele ya uso wake. Nilidhani ni uchafu, na kwamba kila anayenitazama anadhani hivyo.

Daktari aliniona nikiziba mdomo. Siku moja alichukua jino la mbele alilomng'oa mzee mmoja wa Elementaita, jino la kahawia kama langu, akalisaga kwenye jiwe la kunolea kwa subira kubwa mpaka likabaki nusu, kisha akaliweka chini ya kioo cha kukuzia akaniita. Nilitazama. Rangi haikuwa juu ya jino. Ilikuwa imezama ndani ya lile gamba gumu, mistari kwa mistari, kama miviringo ndani ya gogo lililokatwa.

"Hii watu nasema chafu," Daktari aliniambia. "Hapana chafu. Hii ni maji."

Halafu akanieleza kwa Kiingereza. Maji ya visima virefu vya huku kwetu Bonde la Ufa yamepita kwenye mawe ya moto wa zamani, na yamebeba humo kitu kama chumvi kisichoonekana wala kuonjwa. Mtoto anayeyanywa akiwa mdogo, meno yake ya ukubwani yanajengwa nayo yakiwa bado yamejificha chini ya ufizi. Yakitoka, yanatoka yameshaandikwa. Mtu mzima akihamia Nakuru na kunywa maji hayohayo miaka ishirini hapati doa hata moja, kwa sababu meno yake yalishamaliza kujengwa.

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Nilikuwa nimesugua kwa mchanga kitu kilichoanza kabla sijajua kusema. Milima ilitoa moto, moto ukawa jiwe, maji yakapita kwenye jiwe, mama akachota, na yote hayo yakafika yakakaa kwenye meno yangu ya mbele. Siku hiyo sikuwa mrembo zaidi ya jana yake, lakini kwa mara ya kwanza nilijitazama kwenye kile kioo kidogo cha mpini bila haraka ya kukiweka chini.

Kutoka hapo nikajifunza kutofautisha, na hili lisomeni mara mbili. Rangi ya tumbaku na ya chai hukaa juu ya jino, imekusanyika karibu na ufizi na kwenye nafasi za katikati, na kila jino lina yake. Rangi ya maji hupita kama mshipi, na jino la kulia hufanana na mwenzake wa kushoto, kwa sababu yalijengwa pamoja. Ya kwanza husuguliwa ikatoka. Ya pili haitoki. Anayewauzia dawa moja ya rangi zote mbili ama hajui au anajua vizuri sana.

Aliyejua vizuri sana alikuja na poda iitwayo Theluji.

Kwanza yalikuja mabango. Yalibandikwa kwenye kuta za maduka: picha mbili za mwanamke mmoja, moja meno meusi, ya pili meno meupe, na maneno MENO YA KAHAWIA KUWA THELUJI, KILA MTU, DAKIKA MOJA. Daktari aliningoja nimalize kushangaa, kisha akaniuliza naona nini. Nikasema naona meno meupe. Akasema nitazame mahali pengine pote isipokuwa meno. Ndipo nikaona unywele uleule umeanguka juu ya sikio kwenye picha zote mbili, na mkunjo uleule wa kola. Ilikuwa picha moja iliyopakwa rangi. Tangu siku hiyo nasoma tangazo kwa kuanzia pembeni, na mpaka leo sijakutana na lililopenda kusomwa hivyo.

Wiki hizohizo aliingia Penina. Alikuwa msichana wa rika langu, amekulia kwenye shamba la mzungu upande wa Elementaita, kwenye kisima cha mashine, na meno yake yalikuwa ya kahawia kuliko yangu. Alikaa kwenye kiti, akafungua kinywa, akaonyesha meno yote ya mbele, juu na chini.

"Nataka kung'oa haya. Yote. Anitilie ya bandia."

Daktari alipitisha kioo akagonga jino moja moja. Yalikuwa mazima kabisa. "Mimi hapana ng'oa jino nzima," alisema.

"Basi nitaenda kwa yule wa koleo pale sokoni. Yeye haulizi."

Nikamwuliza taratibu kisa ni nini. Alikuwa ameposwa na kijana wa Subukia, juu kule kwenye kahawa, na mama wa kijana alipomwona akicheka alimwambia mbele ya mashemeji, "Msichana ni mzuri, lakini wajukuu wangu watazaliwa na meno ya kutu."

"Sasa hajakataa," Penina aliniambia. "Anasema anafikiria. Wewe unajua mama mkwe akifikiria ni nini."

Sikujua, lakini niliitikia. Akasema atajaribu kwanza ile Theluji, sokoni Jumamosi, na ikishindikana ataenda moja kwa moja kwa mtu wa koleo. Nilimwomba anisubiri, tuende pamoja. Alitazama meno yangu akasema, "Kweli, hata wewe unaihitaji."

Miaka ile mikutano ya watu ilikuwa haitakiwi, askari walikuwa kila kona, lakini mkutano wa kuuza poda ulipata ruhusa. Muuzaji alisimama juu ya kreti, suti ya kijivu, kipaza sauti cha bati mkononi. Meza ilikuwa na beseni, kitambaa cheupe, na mikebe imepangwa kama waumini kanisani.

"Njooni karibu! Mama, usizibe mdomo, leo ni siku ya kuufungua! Mzee, wewe, njoo. Habari ya huko? Umezaliwa wapi, mzee wangu?"

"Subukia."

"Subukia gani?"

"Ya juu, karibu na msitu."

"Karibu, karibu, watu wa Subukia ni marafiki zangu!"

Akampaka poda kwa kitambaa, akasugua, akamsuuza, na meno ya mzee yakatoka meupe. Watu walishangilia. Mimi pia moyo uliruka, sikatai. Akaita mama mmoja wa Nyeri. Meupe. Akaita kijana, akamwuliza alikozaliwa, kijana akasema Njoro, kwenye shamba fulani.

"Ah, kijana, wewe bado una nguvu, wapishe wazee kwanza!" Watu wakacheka, kijana akarudi nyuma.

Akaja msichana, mzaliwa wa Nakuru hapa mjini. "Dada, wewe ni mrembo tayari, nikikupaka utaniletea ugomvi na bwana yako!" Wakacheka tena.

Hapo ndipo nilipong'amua. Watu walidhani anasalimia. Alikuwa anauliza maji. Waliokulia kwenye mito na chemchemi walikuwa na tumbaku na chai tu, hao aliwapaka. Wa visima aliwarudisha kwa mzaha. Mtu yule hakuangalia kinywa hata kimoja, aliangalia ramani ya nchi nzima kichwani mwake. Niwe mkweli, nilimstaajabia. Mambo yaliyonichukua mimi miezi na kamusi, yeye alikuwa amekwisha kuyafanya biashara.

Nilimwambia Penina sikioni. Alinijibu, "Hayo ni maneno yako. Mimi nimeona mzee amekuwa mweupe." Na akaanza kufungua kitambaa chake cha pesa.

Sijawahi kusimama mbele ya watu. Kanisani nilikataa kusoma hata mstari mmoja kwa hofu ya kukosea. Nilipita katikati ya watu mpaka mbele ya meza.

"Dada, karibu! Umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa. Landhi za reli."

"Aa, basi wewe subiri kidogo, tunaanza na wageni."

"Bango lako linasema kila mtu," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mimi ni kila mtu." Nikafungua kinywa.

Nilisikia upepo wa ziwa ukipita kwenye meno ambayo sikuwa nimeyaonyesha hadharani hata siku moja. Halafu mama mmoja muuza ndizi akasema, "Mpake huyo! Huyo ndiye kazi yenyewe!"

"Mpake, bwana! Ama poda imeisha?"

Hakuwa na njia. Alinipaka, akasugua kwa nguvu zake zote, akanisuuza. Poda ilikuwa chachu, ikiuma kama ndimu kwenye kidonda. Nilipofungua kinywa, meno yalikuwa ya kahawia vilevile, ila mng'ao wake umepungua, na pumzi ikiingia yalikuwa yanauma kwa baridi.

"Huyu meno yake yanataka siku saba," alisema kwa haraka.

"Na yule mzee wa Subukia mbona hakutaka siku saba?" aliuliza yule kijana wa Njoro.

"Labda theluji ya Subukia inaanguka haraka," akasema muuza ndizi, na soko zima likaangua kicheko. Nilicheka pia, mdomo wazi, kwa sababu nilikuwa nimeshausahau. Muuzaji alipanga mikebe yake ndani ya kreti. Mwezi uliofuata nilisikia yuko Nyahururu.

Daktari baadaye alikoroga poda ile kwenye maji akatumbukiza kipande cha ganda la yai. Ganda lilitoa povu, na kufikia saa ya chakula cha mchana lilikuwa laini kama karatasi iliyolowa. Fanyeni hivyo kwa kila poda mtakayoletewa. Yai ni rahisi kuliko jino.

Lakini sokoni mambo hayakuishia kwenye kicheko. Penina alikuwa hacheki. Alifunga pesa zake, akaniambia, "Asante. Umeniokolea shilingi. Sasa imebaki koleo," na akaanza kutembea kuelekea upande wa mtu yule, aliyekuwa ameketi chini ya turubai na shanga za meno ya watu shingoni kama cheti chake. Nilimshika mkono. Nilimvuta, kwa kweli, mpaka kwa Daktari, na Daktari akamwekea lile nusu jino chini ya kioo.

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi.

"Ni maji," nilimwambia. "Si ukoo. Si damu. Mtoto anafuata maji anayokunywa, hafuati meno ya mama yake. Huko Subukia wanakunywa nini?"

"Wanakunywa mto."

Daktari alisema kwa Kiingereza kwamba basi, kwa kadiri ijulikanavyo, watoto wangekuwa na meno meupe. Nikatafsiri vyote, pamoja na "kwa kadiri ijulikanavyo," maana siwezi kuacha neno nje. Penina alinigeukia.

"Huyo ni daktari. Wewe, mwenye meno kama yangu, unaamini?"

Hilo halikuwa swali la kutafsiri. Kazi yangu ilikuwa kurudisha swali kwa Daktari na kungoja. Nikasema, "Naamini."

Alienda nyumbani na meno yake yote. Akaolewa; mama mkwe alimaliza kufikiria, au kijana alichoka kumngoja. Na mimi nikaanza kuogopa. Kila kitabu kipya kilipofika nilitafuta habari za maji kabla sijafungua ukurasa mwingine. Kama nimekosea, kuna mwanamke juu ya kilima ambaye kwa neno langu moja atasimangwa kila mtoto atakapocheka. Daktari alinipa chai akaniambia niache. Sikuacha. Nikapata habari kwamba amejifungua mvulana, nikafurahi, nikakumbuka kwamba meno ya utotoni hayasemi sana, na yale ya ukubwani hutoka mtoto akikaribia kwenda shule. Kwa hiyo nikangoja. Nimesimamia vinywa vingi kati ya hapo, vya makarani na vya wachungaji, na hakuna kilichonichosha. Ila kimoja kilikuwa kinakua mahali nisipoweza kukiona.

Mwezi uliopita, mikono yangu ikiwa tayari imefungwa vitambaa, mlango ulifunguliwa akaingia Penina. Nyuma yake mvulana. Nyuma ya mvulana mwanamke mzee aliyejifunga leso mbili, ambaye hakunisalimia mpaka alipokagua kiti, beseni na dirisha. Mvulana alikuwa na jino la utotoni limekataa kung'oka, na jingine linasukuma nyuma yake.

"Keti, Yohana," Penina alisema. Alicheka kwa kuniona, meno yote ya kahawia nje, bila mkono.

Daktari alitoa kile kijino kwa vidole tu. Nami nikaelekeza taa. Pale chini mbele kulikuwa na meno mawili mapya ya ukubwani, yamechomoza nusu, kingo zake bado zina vinundu vidogo kama msumeno, jinsi jino linavyokuwa kabla halijauma kitu chochote. Hayakuwa na mshipi. Hayakuwa na doa. Yalikuwa meupe kama maziwa yakiwa bado kwenye ndoo.

"Mama," Yohana aliuliza, maji yakimdondoka kidevuni, "mbona yako si kama yangu?"

"Mimi nilikunywa kisima. Wewe unakunywa mto."

Yule mama mzee alisogea. "Hebu na mimi nione," alisema, na hakungoja kuruhusiwa. Alichukua kioo cha mpini kutoka mkononi mwa Daktari, akainama juu ya mjukuu wake. Alitazama jino la kwanza, akatazama la pili. Akainua kichwa akamtazama Penina kwenye meno, kitambo, waziwazi, kama mtu anayesoma. Halafu akarudi kwenye kinywa cha mtoto, na bila kugeuka akaniambia:

"Msichana, shika taa vizuri. Unaitikisa."

Alisema kweli. Nilikuwa naitikisa.